Shajara ya Darasa la Jumamosi: Mwaka wa Kwanza wa Kusoma Biblia Gerezani

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzetu wa sharika nyingine ambao wamekuwa wakituuliza tulianzaje huduma ya gerezani, ilitugharimu kiasi gani na ni mambo gani yalitushinda. Sisi ni watu saba kutoka sharika tatu za mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania: walimu wawili wastaafu, mimi nikiwa mmojawapo, muuguzi, fundi cherehani, mkulima wa viazi na vijana wawili wa kwaya. Gereza silitaji jina, wala simtaji mtu yeyote tuliyemkuta ndani yake, kwa sababu wengi wao kesi zao bado zinaendelea na wote wana ndugu huku nje. Pale tulipokosea nitaeleza kwa urefu kuliko pale mambo yalipokwenda vizuri.

Novemba 2023 hadi Januari 2024: Kibali

Barua ya maombi ilipitia kwa mchungaji, ikaenda kwa Mkuu wa Gereza, naye akaipeleka kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa. Tuliambatanisha majina, nakala za vitambulisho vya Taifa na ratiba ya mafundisho. Majibu yalichukua wiki tisa. Tulichagua Jumamosi kwa kuwa siku za kazi mahabusu wengi huondoka asubuhi na karandinga kwenda mahakamani, Ijumaa mchana ni zamu ya shehe, na Jumapili ibada huongozwa na dhehebu lililotutangulia. Picha ndogo, nakala na nauli za kufuatilia: shilingi 46,000.

Jumamosi, 20 Januari 2024: Zipu

Tulinunua Biblia 30 za jalada laini lenye zipu, kila moja shilingi 18,000, jumla 540,000. Tulizichagua kwa mapenzi mema kabisa, tukifikiri kwamba zipu itazikinga kurasa na vumbi na unyevu. Kwenye upekuzi wa lango la kwanza afande alifungua moja, akaivuta zipu mbele na nyuma mara mbili, kisha akalirudisha boksi zima upande wetu wa meza. Meno ya zipu ni ya chuma, na mfuko unaofungwa ni mahali pa kufichia kitu. Hakuwa mkali. Alituambia tu kwamba kila mwaka huja kikundi kimoja na Biblia za namna hiyo.

Siku ile tuliingia mikono mitupu, tukaimba na kuomba kwa dakika 40, tukatoka. Duka halikukubali kuzipokea tena kwa sababu tulikwisha kuandika ndani jina la kikundi. Hatimaye fundi viatu wa pale stendi alizikata zipu zote kwa wembe na kushona kingo upya, shilingi 1,000 kwa kila Biblia. Wiki iliyofuata zilipita langoni, zikionekana kama kuku walionyonyolewa, lakini zilipita. Anayeanza leo anunue zenye jalada gumu la kawaida, na kabla ya kununua apeleke moja langoni ikaonwe.

Jumamosi, 17 Februari 2024: Sabuni

Hili ndilo kosa lililotusumbua kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Jumamosi nne za mwanzo tulikuwa na wahudhuriaji wasiozidi 35. Mmoja wetu akapendekeza, nasi tukakubali bila kufikiri, kwamba tugawe sabuni mwishoni mwa ibada. Tulinunua vipande 80 kwa shilingi 80,000. Siku hiyo walikuja watu 112.

Sabuni hazikutosha. Ilibidi nyapara azikate vipande kwa uzi aliouchomoa kwenye shuka, na hata hivyo wapo waliokosa. Wiki iliyofuata tukaja bila sabuni, wakaja watu 29, na kati ya hao 29 wapo waliokaa na kisirani, wakituangalia mikono kila tulipofungua begi. Jambo baya zaidi tulilielewa baadaye: baadhi ya wale 112 hawakuja kwa hiari yao, bali walikusanywa na nyapara ili idadi ionekane kubwa na mgawo uwe mnono, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu waliokaa kimya muda wote tulipokuwa tukihubiri, wakingojea kipande cha sabuni.

Mwalimu mwenzangu alituletea Kanuni za Mandela, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za kiwango cha chini kuhusu kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu mwezi Desemba 2015. Kanuni ya 65 inasema kwamba mfungwa asinyimwe kumfikia mwakilishi wa dini yoyote, na kanuni hiyohiyo inasema kwamba mfungwa akikataa kutembelewa na mwakilishi wa dini yoyote, msimamo wake uheshimiwe. Tulikuwa tumeisoma nusu ya kwanza tulipokuwa tukiomba kibali, na nusu ya pili tukaivunja kwa kipande cha sabuni.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, tulimwomba afande wa zamu atangaze darasa kwenye mabweni yote bila nyapara kuhesabu watu. Pili, chochote tunachotoa sasa kinapelekwa stoo ya gereza siku ya Jumatano, kwa hati ya makabidhiano, na kinagawiwa kwa wote bila kuuliza dini; sisi hatuwepo kinapogawiwa. Wafadhili wetu wawili hawakufurahishwa na utaratibu huu kwa kuwa hauna picha ya kuonyesha. Mmoja ameacha kuchangia.

Jumamosi, 16 Machi 2024: Mpango wa masomo kumi na mawili

Nilikuwa nimeandaa, kwa ujuzi wangu wote wa miaka 31 ya ualimu, mfululizo wa masomo 12 kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, kila moja likijengwa juu ya lile lililotangulia. Kufikia somo la tano, kati ya watu 33 waliokuwapo siku ya kwanza walikuwa wamebaki 9. Wengine walipata dhamana, wengine walihukumiwa na kuhamishiwa gereza jingine, na mmoja kesi yake ilifutwa siku ya kutajwa akaondoka bila hata kurudi kuchukua ndala zake. Nafasi zao zilijazwa na wageni ambao hawakujua Ibrahimu alitokea wapi.

Nilipaswa kulijua hilo kabla. Mahabusu si mwanafunzi wa muhula. Kesi yake hutajwa kila baada ya siku 14 hivi, na kila anapopanda karandinga hajui kama jioni atalala pale au kwao. Somo linalotegemea somo la jana humwadhibu aliyekuja leo. Nilichapisha nakala 40 za kitabu cha masomo kwa shilingi 120,000. Nakala 31 zimo kabatini mwangu hadi leo.

Siku hiyohiyo kulitokea jambo jingine. Mgeni wetu mmoja, mwinjilisti aliyeomba kuja kutusaidia, aliwataka waliokuwapo wasimame mmoja mmoja washuhudie walichofanya hadi wakafika pale. Kijana wa kama miaka 22 akasimama na kuanza kusimulia. Muuguzi wetu ndiye aliyekuwa mwepesi: aliinuka, akaanzisha wimbo kwa sauti kubwa huku wenzake wakimfuata, na yule kijana akakaa. Katika banda lile walikuwamo mahabusu wengine 30 na askari mlangoni, na kijana alikuwa hajahukumiwa. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kumtaka aungame mbele ya watu kosa ambalo mahakama haijalisikiliza ni kumtia hatarini, hata kama tunaliita ushuhuda. Tangu siku hiyo hatuulizi kosa la mtu, na anayetaka kulizungumzia tunamwomba alizungumze na wakili au na mchungaji peke yake.

Jumamosi, 13 Aprili 2024: Usomaji unaoanza na kuisha siku hiyohiyo

Tumeacha kuhubiri. Sasa tunasoma. Kila Jumamosi tunachukua maandiko yanayoweza kusomwa kwa sauti, kujadiliwa na kumalizika ndani ya dakika 75, ili aliyeingia jana na aliyekaa miaka minne waanze pamoja. Hadi sasa tumesoma Luka 15, kitabu cha Yona chote, Matendo 16 kuanzia pale Paulo na Sila wanapokamatwa Filipi, waraka kwa Filemoni wenye mistari 25 tu, na Mwanzo 40.

Mwanzo 40 ndiyo iliyotufunua. Yusufu yuko gerezani kwa kesi ya kusingiziwa, anamtafsiria mkuu wa wanyweshaji ndoto yake, anamwomba amkumbuke atakapotoka, na sura inaisha kwa kusema kwamba mnyweshaji hakumkumbuka. Nilipofika hapo palikuwa kimya kidogo, kisha mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasema kwa utulivu, «Mwalimu, wanyweshaji hapa wamepita wengi.» Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Wakaanza kuhesabu: kikundi kilichoahidi magodoro, wakili aliyeahidi kurudi Jumatatu, kwaya iliyorekodi nyimbo zao na kuahidi kuwaletea redio. Kisha mtu wa nyuma akauliza kama ni kweli kwamba mwezi wa pili tulisema sabuni zitakuwa zinakuja kila mwezi.

Nilikuwa nimesema hivyo. Sikumbuki kusema, lakini watu watatu walinikumbusha kwa maneno yaleyale, na siku niliyoyasema.

Tukakubaliana sisi saba, jioni hiyo, kwamba ndani ya gereza hatutatamka neno «tutaleta» juu ya kitu chochote ambacho hakijanunuliwa na kukabidhiwa stoo. Ahadi pekee tunayoitoa ni kwamba Jumamosi ijayo saa nne asubuhi watu wawili kati yetu watakuwapo. Wawili wanatosha, kuja wote saba mara moja na kukosekana wiki mbili ni kubaya zaidi.

Jumamosi, 4 Mei 2024: Baada ya msamaha

Tarehe 26 Aprili, katika maadhimisho ya miaka 60 ya Muungano, Rais alitoa msamaha kwa wafungwa, na darasa letu likapoteza watu sita kwa siku moja, wakiwamo wasomaji wawili wazuri. Msamaha huwahusu wafungwa waliokwisha kuhukumiwa, hauwagusi mahabusu, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nusu ya darasa ilikuwa na furaha kwa ajili ya wenzao na nusu nyingine haikutaka hata kuimba. Hatukufundisha. Tulisoma Zaburi mbili tukaketi nao. Gharama: nauli tu.

Jumamosi, 8 Juni 2024: Miwani

Yule mzee wa dirishani, ambaye nilimdhania hajui kusoma, alinipa somo ambalo chuo cha ualimu hakikunipa. Ilipofika zamu yake alisoma Zaburi ya 23 bila kukwama, akiwa ameinyoosha Biblia mbali na uso kadiri mkono ulivyoweza kufika. Nilipopita nyuma yake nikaona kurasa zilizofunguliwa ni za Yeremia. Alikuwa akiisema kwa kichwa. Nilimwandikia neno moja kwa herufi kubwa ubaoni, kwa chaki, akalisoma papo hapo, na la pili, na sentensi nzima. Kusoma alikujua tangu shule ya msingi. Kilichomtoka ni macho ya karibu, kama yanavyotutoka karibu sote tukishapita miaka 40, naye kwa miaka sita alikuwa akiona haya kusema.

Tulipouliza, watu 19 kati ya 41 walikuwa na shida hiyohiyo. Jaribio la kwanza la kuwasaidia lilikuwa la haraka na la kijinga. Nilinunua sokoni miwani 20 ya kusomea kwa shilingi 3,000 kila moja, yote ya nguvu ya +1.50, kwa sababu ndiyo muuzaji aliyokuwa nayo kwa wingi. Nane zilikuwa na fremu ya chuma, zikarudishwa langoni. Zile 12 zilizoingia ziliwafaa watu watano.

Muuguzi wetu alimwomba muuguzi wa macho anayemfahamu atuelekeze. Njia tunayoifuata sasa ni hii: karatasi moja yenye mistari sita ya maandishi, kila mstari ukiwa na herufi ndogo kuliko ule wa juu yake, mstari wa nne ukilingana na maandishi ya Biblia zetu. Msomaji anaishika kwa umbali wa kutoka kiwiko hadi ngumi, mahali penye mwanga wa dirisha, na tunaanza na miwani dhaifu tukipanda nusu nusu, +1.00, +1.50, +2.00, hadi mstari wa nne usomeke bila kukunja uso. Hapo tunasimama, hatumpi yenye nguvu zaidi hata akiomba, kwa sababu wengi huomba. Ambaye hata +3.00 haimsaidii, au anayeona ukungu kwa mbali na karibu, au mwenye jicho moja jekundu linalouma, jina lake tunaliacha kwa tabibu wa zahanati ya gereza. Wawili kati ya 19 walikuwa na mtoto wa jicho.

Tulinunua tena miwani 24 ya plastiki ya nguvu mbalimbali, kila moja 3,500, jumla 84,000. Zile za chuma nane muuzaji alizibadilisha baada ya kubembelezwa sana. Miwani inaandikwa namba kwa kalamu ya rangi isiyofutika na inabaki mikononi mwa mwenyewe. Tulipojaribu kuikusanya kila mwisho wa darasa, mzee yule aliniuliza kama Biblia inasomwa Jumamosi tu.

Jumamosi, 13 Julai 2024: Barua

Leo tumefukuzwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, ingawa lugha ya barua tuliyopewa ni «kusitishwa hadi hapo itakapoelekezwa vinginevyo».

Kijana wetu mmoja wa kwaya alikubali kumtolea mahabusu barua ampelekee mkewe. Alimwonea huruma, mtu alilia mbele yake akasema mtoto anaumwa. Barua iliwekwa ndani ya kitabu cha nyimbo na ikaonekana kwenye upekuzi wa kutokea. Haikuwa ya kwenda kwa mke. Ilikuwa ya kwenda kwa shahidi wa upande wa mashtaka, na ndani yake ilitaja kiasi cha fedha. Sijui kama aliyeiandika alikuwa mwovu au alikuwa amekata tamaa, na haikuwa kazi yangu kupima. Najua kwamba kijana wetu alihojiwa kwa saa tatu, kwamba angeweza kushtakiwa, na kwamba aliponusurika alikwenda nyumbani akalala siku mbili bila kula.

Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyewapa vijana wale semina ya saa mbili juu ya namna ya kuongoza majadiliano na sikusema neno hata moja kuhusu barua, simu, fedha wala ujumbe wa mdomo. Nilidhani kila mtu anajua. Barua za wafungwa zina njia yake, hupitia kwa ofisa na kusomwa, na njia hiyo, pamoja na ucheleweshaji wake wote, humlinda hata mchukuzi.

Jumamosi, 24 Agosti 2024: Kurudi

Baada ya wiki sita tumerudishwa. Nilikwenda kwa Mkuu wa Gereza mara tatu. Mara mbili za kwanza nilieleza, mara ya tatu niliomba radhi bila maelezo, na hiyo ndiyo iliyosaidia. Masharti mapya tumeyaandika wenyewe na kila mmoja ameyatia sahihi: hatupokei wala hatutoi kitu mkononi, hatubebi ujumbe wowote, hata salamu, simu zinabaki nyumbani na si langoni, na anayeombwa jambo hujibu kwa sentensi moja aliyoikariri, kwamba ombi hilo lipelekwe kwa ofisa ustawi. Vijana waliifanyia mazoezi sentensi hiyo kwa kuigiza, mkulima wetu wa viazi akijifanya mahabusu anayelia. Aliigiza vizuri mno hata mmoja wao akashindwa na kusema «sawa, nipe». Tukarudia.

Waliotungojea ndani walikuwa 22. Hakuna aliyetuuliza tulikuwa wapi.

Jumamosi, 19 Oktoba 2024: Aliyetoka

Mmoja wa wasomaji wetu alimaliza kifungo mwezi wa tisa na kuja usharikani Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Mzee wa kanisa mmoja, kwa nia njema, alimwita mbele, akamtambulisha kama tunda la huduma ya gerezani na kumwomba aseme neno. Akasema asanteni, akarudi kukaa. Ibada ilipoisha, mama aliyekuwa ameketi benchi moja naye alihamisha mkoba wake upande wa pili. Mimi nililiona, na yeye aliliona. Hajarudi tena kwenye ibada.

Nilimfuata nyumbani kwa dada yake. Hakuwa na hasira. Alisema anataka kazi, na kwamba kule ndani alikuwa akiitwa kwa jina lake. Fundi cherehani wetu amempokea kwenye chumba chake cha kushonea, anakata vitambaa na kupiga pasi, malipo ni kwa kila nguo. Usharikani tumeomba kwamba anayetoka asitambulishwe kamwe. Akaribishwe na mtu mmoja, akae naye, na ajitambulishe mwenyewe siku atakayotaka au asijitambulishe kabisa. Ombi lilijadiliwa kwenye baraza la wazee kwa dakika 50 na kupita kwa tofauti ya kura chache.

Jumamosi, 7 Desemba 2024: Hali ilivyo

Mwaka umetugharimu shilingi 1,386,000, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa Biblia zile za zipu. Nikiondoa makosa, yaani zipu, sabuni, vitabu vya kabatini na miwani ya kwanza, darasa lingeweza kuendeshwa kwa fedha pungufu kuliko hizo. Tangu tuliporudi hatujakosa Jumamosi hata moja.

Leo walikuja 38. Tumesoma Filemoni kwa mara ya tatu, kwa sababu waliokuwapo mara ya pili wamebaki wanne. Msomaji alikuwa mzee wa dirishani, miwani namba 7, +2.50, ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa uzi baada ya kuvunjika. Alipofika pale Paulo anaposema deni la mtumwa Onesimo liandikwe juu yake, alisimama, akaifuta miwani kwa pindo la shati, akausoma mstari huo tena, kisha akaendelea hadi mwisho.

Stoo tumebakiwa na miwani sita: nne za +1.50 na mbili za +3.00. Za +2.00 zimekwisha, na nimeagiza kumi. Sijamwambia mtu yeyote kule ndani.